Jezi Namba 8 Inapiga Deki

Leo asubuhi nimeingia jikoni kutafuta chai, nikakanyaga kitu cha baridi. Kuangalia chini, jezi yangu. Ya kijani, namba 8, imelowa maji ya sabuni, inapiga deki. Mama watoto kaikanyagia kwa mguu wa kulia, anaisukuma kuelekea kwenye friji, pale uji ulipomwagika jana, huku anaongea na simu. Nikamwambia, "Hiyo ni dola 130." Akaziba simu kwa kiganja, akasema, "Na wala hainyonyi maji."

Sasa mimi ni mtu mzima, nina mvi za kidevuni, sikupiga kelele. Nilishika kikombe changu nikasimama wima kama balozi kwenye gwaride la nchi nyingine, nikisubiri amalize simu. Hakumaliza. Ndiyo maana nakuja kwenu.

Hii timu ya New York Jets, ya ule mpira wa Kimarekani wa kurusha kwa mkono, sikuichagua kwa akili. Nilishuka New Jersey kipindi cha theluji, koti la kuazima, nikamwona jamaa kwenye basi kavaa kijani. Mtu wa Jangwani akiona kijani ugenini, anasalimia. Jamaa hakuitikia. Nilikuja kuelewa baadaye: mashabiki wa Jets hawana nguvu za kusalimiana. Timu inaitwa ya New York, uwanja uko East Rutherford, New Jersey, na hata huo wanachangia na Giants, timu nyingine ya New York, kama wapangaji wawili wenye choo kimoja. Ubingwa tuliuchukua mara moja, Januari 1969. Joe Namath aliahidi hadharani kwamba watashinda, na kweli wakawafunga Baltimore Colts 16-7. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili. Tangu hapo tunaila ile ahadi moja, kila mwaka tunaipasha moto.

Mwaka 2008 walituletea mzee kutoka timu ya Green Bay, Brett Favre. Tukaanza vizuri, nane tumeshinda, tatu tumefungwa, watu wakaanza kutembea kifua mbele. Tukamaliza 9-7, yaani tisa kushinda, saba kufungwa, hata mtoano hatukuugusa. Jezi yake nilinunua pia. Iko wapi, tuache.

Kwa hiyo Aprili 2023 waliposema wanatuletea mzee mwingine, kutoka Green Bay ileile, mtu mwenye akili timamu angefunga redio. Lakini huyu alikuwa Aaron Rodgers! Mchezaji bora wa ligi mara nne, ubingwa anao, mkono wake ukirusha mpira unakwenda kama barua ya rejista. Nilikwenda dukani siku hiyohiyo. Kodi ya nyumba ilikuwa imebaki siku tisa, sikuhesabu.

Jioni nikampigia shemeji, kaka wa mama watoto, yuko Tanga, Simba damu. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

"Shemeji, tumesajili."

"Nani?"

"Kotabeki."

Kimya. Halafu: "Beki? Beki mbili au beki tatu?"

"Beki tatu ni dada wa kazi, shemeji, tuheshimiane. Nimesema kotabeki. Huyu hakabi mtu."

"Beki asiyekabi. Yanga mnao wengi."

"Si beki! Ni jina tu la kazi. Anasimama nyuma, wanampa mpira, yeye anaurusha mbele."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Basi ni kipa."

"Si kipa!"

"Shemeji, mtu anakaa nyuma, anaudaka mpira kwa mkono, anaurusha mbele. Huyo ni kipa. Mmesajili kipa, hongereni. Ana miaka mingapi kipa wenu?"

"Thelathini na tisa."

"Ya pasipoti au ya ukweli?"

"Huku hawana mambo hayo."

"Basi ya ukweli. Mwenye miaka hiyo huku kwetu ni kocha wa watoto, anapuliza filimbi na kitambi chake."

Nikatoa silaha. Nikamwambia, shemeji, ng'ombe hazeeki maini. Nikanyamaza ili methali imwingie vizuri. Nikasikia anakunywa maji. Akasema, "Maini sawa. Kwani atakimbia na maini? Kwato zikoje?"

Nikaona nimpandishie hadhi mtu wangu. Nikamweleza kwamba huyu si mchezaji wa kawaida, ni mtu wa kutafakari; kabla ya kuamua kama anastaafu au anaendelea, alikwenda Oregon akajifungia kwenye chumba cha giza totoro, siku kadhaa, peke yake na mawazo yake.

"Giza kabisa?"

"Kabisa."

"Alilipia?"

"Nadhani. Huku hakuna cha bure."

Shemeji alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mwambie aje kwetu kipindi cha mgao! Giza tutampa bure, na mbu tutamwongezea! Halafu shemeji, hizo hela za jezi ya kipa mzee unazo. Zile za bati vipi?"

Mtandao ukakatika. Yaani niliukata.

Ikafika Septemba 11, Jumatatu, mechi ya kwanza, Buffalo wamekuja. Nimealika wenzangu wawili wa bohari, mama watoto kapika pilau, tena bila kuombwa. Saa mbili na robo usiku. Mzee katoka kwenye handaki anakimbia, kashika bendera ya Marekani, uwanja mzima unanguruma, na mimi, nakiri, machozi yakanitoka, nikasingizia vitunguu vya kachumbari. Mpira ukaanzishwa mara moja, mbili, tatu. Mara ya nne lijitu la Buffalo likamwangusha. Akanyanyuka. Akautazama mguu wake wa kushoto. Halafu akakaa tena chini, taratibu, kama babu anayetafuta mkeka.

Kano ya kisigino imekatika. Msimu umekwisha. Kachumbari ilikuwa haijakolea ndimu.

Mle sebuleni hakuna aliyesema neno. Pilau ikapakuliwa kama ya hitima. Saa nne usiku, kwao saa kumi na moja alfajiri, shemeji kaamka kuswali, simu yangu ikalia. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Kwato?"

Na usiku ule tulishinda, mjue! 22-16, muda wa nyongeza. Hakuna anayekumbuka, hata mimi mwenyewe huwa nasahau. Kesho yake nikairudisha jezi dukani, kijana wa kaunta akaniuliza kama imevaliwa. Nikamwambia imevaliwa kuliko alivyoivaa mwenyewe. Alikataa kuipokea, lakini kwa adabu.

Tukamaliza 7-10. Mwaka uliofuata kisigino kimepona, kacheza mechi zote, nikasema sasa ndiyo tunaanza: 5-12. Wakamwacha aende. Akaenda Pittsburgh, na Septemba 2025 ratiba ikamleta mechi ya kwanza kulekule East Rutherford, kwenye nyasi zetu, akatoa pasi nne za tachidauni, yaani za kufunga, wakatufunga 34-32. Nne! Kwetu alianza kwa kuanzishiwa mpira mara nne tu, kwao kaanza na pasi nne. Mimi sina kinyongo. Sina. Nalipa kodi, nalipa bima ya gari linalokaa gereji kuliko barabarani, bati nilituma, na misumari nikatuma, nikaambiwa misumari ilikuwa mifupi. Hivi mtu kama mimi akiomba Jumapili moja tu, moja, akae kwenye kochi lake bila kutukanwa na televisheni yake mwenyewe, anamkosea nani?

Basi nikaiokota jezi yangu, nikaikamua, nikashuka nayo chini kwenye mashine za kufulia za jengo. Mashine ya kwanza imebandikwa karatasi, mbovu, tangu Ramadhani. Ya pili ndani kuna nguo za mtu, zimeshakauka, mwenyewe hajulikani. Ya tatu ikameza kota sita, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Nikaipiga kofi. Nikaweka kota nyingine mbili, maana nilisikia kama inataka kuanza. Jirani wa chumba cha pili, mtu wa Giants, kasimama mlangoni na kapu lake ananitazama, akaniuliza naihurumia nini mashine ambayo kila mtu anajua haifanyi kazi. Nikamwambia jana iliniitikia.

Kutoka juu mama watoto anaita kwenye ngazi: nimechukua tambara lake, atapiga deki na nini?

Nikaona leo yaishe. Nikamwambia chini ya kitanda, kwenye sanduku la bluu, kuna namba 4, ya Favre.

"Hiyo si ndiyo niliyoanza nayo?" akasema. "Ilichanika mwaka jana."