Toroli Langu na Kamati ya Kujitolea

Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na usafi. Tangu Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 na kututaka tuiadhimishe siku ile kwa kufanya usafi, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo, nimekubali kwamba mwezi una asubuhi moja ambayo si yangu. Duka la Mangi halifunguliwi mpaka saa nne, chai nainywa bila sukari, na wala sinung'uniki.

Ninachonung'unikia ni toroli. Nililinunua nilipokuwa najenga, nikidhani nimenunua chombo cha kubebea mchanga, kumbe nimenunua cheo. Mtaa wetu wote, hapa Dar es Salaam, una toroli moja, mabeleshi mawili na sululu moja, na vyote hivyo vinalala uani kwangu. Jirani anaweza kusingizia msiba, homa au safari ya ghafla ya Mbagala na akaeleweka; mimi nikitaka kuugua, sharti kwanza nimuuguze toroli. Kabla jua halijapanda, watoto wanagonga geti na kuniamkia kwa heshima zote: "Shikamoo baba, mjumbe ametutuma toroli, na amesema uje nalo mwenyewe, maana gurudumu lake wewe ndiye unalijua."

Tukifika mtaroni, tunaanza na kikao. Shemeji yangu, aliyewahi kuishi Kigali, hachoki kutusimulia umuganda wa Wanyarwanda, ambao huanza saa mbili asubuhi, wakachapa kazi mpaka saa tano, ndipo wakaketi kujadili mambo ya mtaa. Sisi tumeona ni busara kutanguliza majadiliano, na kwa kawaida yakimalizika jua limekuwa kali, kwa hiyo kazi inabaki kwa wale ambao vifaa vyao tayari vimeshuka mtaroni. Nadhani mnamfahamu mmoja wao.

Huo mtaro nao una mambo. Unapeleka maji yake Mto Msimbazi, ule unaotokea upande wa vilima vya Pugu na kupita Jangwani kwenda baharini, lakini kwa namna ulivyoziba ungefikiri umepewa kazi ya kutunza kumbukumbu za mtaa. Nimechota humo nywele za bandia, sufuria lisilo na kitako, na kandambili zisizohesabika, zote za mguu wa kushoto. Mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, bado imejaa chini ya tope, mizima kabisa, kana kwamba tangazo halikufika huko. Ninapochota, nyuma yangu wanasimama wananchi wenzangu, mikono kiunoni, wakinielekeza: mmoja anasema nianzie juu, mwingine anasema nianzie chini, na yule mwenye duka la vipodozi ananisihi nisimrushie tope kwenye kibaraza.

Tope likishatolewa hurundikwa ukingoni kusubiri gari la taka. Gari haliji. Inayokuja ni mvua ya masika, nayo kwa bidii ambayo sijaiona kwa mwanakamati yeyote hulirudisha lote mtaroni kwa usiku mmoja. Nimelitoa tope lile mara nyingi kiasi kwamba sasa tunafahamiana. Nilipopendekeza kwamba tuchange fedha za kukodi kirikuu lizolewe siku hiyo hiyo, niliambiwa kwamba wazo ni zuri na kwamba toroli langu lingefaa kwa kuanzia.

Safari moja walitujia wageni kutoka taasisi fulani, wamevaa fulana mpya, glovu nyeupe na nyuso za furaha. Walipiga picha na mtaro, wakapiga picha na toroli, wakaniomba nisogee kidogo ili lionekane vizuri, kisha wakaondoka na kutuachia chupa zao za maji.

Hata hayo ningeyavumilia, kama kamati isingeamua kutoka mtaroni na kupanda mapaa. Katika mtaa wetu yupo bibi mmoja anayeishi peke yake, na nyumba yake ilikuwa inavuja, basi vijana wakachanga fedha, wakanunua mabati ya geji 30 na misumari, wakajitolea kwa moyo mweupe. Niliyasomba mabati kwa toroli, nikasimama chini, nikasema, na mashahidi ninao, kwamba msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde lake, kwa sababu maji hupita bondeni. Yule kijana aliyekuwa juu, ambaye siku za kazi ni karani, alinijibu kwa adabu kwamba bondeni ndiko nyundo inakotua vizuri. Akalimaliza paa zima hivyo, tukapiga makofi, mwenyekiti akahutubia.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa manane, na aliyegongewa dirisha si karani wala mwenyekiti. Nilimkuta bibi amesimama katikati ya chumba, ameshika ndoo, anazunguka nayo. "Mjukuu wangu," akaniambia, "zamani ilikuwa inavuja pale na pale, nikitega ndoo zangu mbili nalala. Sasa hata sijui nitege wapi."

Niliwasilisha malalamiko yake kwenye kikao, yakapokelewa kwa uzito unaostahili, na kamati ikaazimia kwamba Jumamosi ijayo twende kwa wingi tukampakie rangi ukuta wa mbele. Bibi alipopata habari hiyo alifunga safari ya Kisarawe kwa ndugu zake, na ufunguo wa mlango ameondoka nao.