Aseniki kwenye uyoga: je, kipimo cha jumla kinatosha?

Mgodi wa dhahabu wa Giant, jirani na mji wa Yellowknife kaskazini mwa Kanada, ulichoma mawe yenye aseniki, elementi yenye sumu, kwa takriban nusu karne tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, ukaacha chini ya ardhi tani zipatazo 237,000 za vumbi la trioksidi ya aseniki. Mahali kama hapo uyoga huendelea kuota, na mchumaji anataka kujua kama unalika.

Wapo wanaoridhika na kupima aseniki yote kwa pamoja: ni kazi nafuu, na kiasi kikiwa kikubwa uyoga hukatazwa. Tahadhari hiyo ina uzito wake, ila inachukulia aseniki yote kuwa sumu ya aina moja. Aseniki isiyo ya kikaboni, yaani isiyoungana na kaboni, husababisha saratani. Asenobetaini, kampaundi ya kikaboni ya aseniki iliyotambuliwa mwaka 1977 katika kambakoche wa Australia na ambayo ndiyo inayotawala katika spishi nyingi za uyoga wa jenasi Agaricus, hutoka na mkojo karibu bila kubadilika.

Ili kuzitenganisha aina hizo, uyoga mkavu uliosagwa hulowekwa, maji yake hupitishwa kwenye safu ya kromatografia, bomba linalotenganisha kampaundi, na spektrometa ya masi, mashine inayotambua atomi kwa uzito wake, hupima aseniki kadiri kila kampaundi inavyotoka kwa wakati wake. Lakini sehemu ya aseniki huweza kubaki kwenye makapi, na kampaundi ambayo maabara haina sampuli yake ya kulinganishia hubaki bila jina. Wanaoutetea utambuzi huu hupenda kulipita jambo hilo haraka.

Kinachonishughulisha zaidi ni Cyanoboletus pulverulentus, uyoga wa Ulaya ugeukao bluu ukiguswa, ambao umekuwa ukihesabiwa kuwa chakula. Uchunguzi wa mwaka 2018, uliotumia hasa sampuli za Ucheki, ulikuta hadi miligramu 1,300 za aseniki kwa kilo ya uyoga mkavu, karibu yote ikiwa asidi ya dimethilasiniki, kampaundi nyingine ya kikaboni ya aseniki. Aseniki isiyo ya kikaboni haikuonekana. Hata hivyo asidi hiyo nayo inashukiwa kusababisha saratani, na wachunguzi walishauri uyoga huo usiliwe. Tena kiasi cha aseniki katika uyoga huo hakikufuatana na aseniki ya udongo, kwa hiyo hata kuepuka maeneo ya migodi hakumlindi mlaji.

Kwa maoni yangu, kipimo cha jumla kitangulie, na kikiwa kidogo, kazi iishie hapo. Kikiwa kikubwa, marufuku ibaki mpaka maabara ionyeshe kwamba karibu aseniki yote imetoka kwenye makapi na kwamba iliyotoka ni asenobetaini.