Kuripoti JKT si kuajiriwa JWTZ

Kichwa kimoja cha habari kinasema wahitimu wa kidato cha sita "wameajiriwa jeshini". Hapana. Wameitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria: wanafunzwa miezi michache, wanarudi nyumbani kusubiri vyuo. Wa kujitolea ni kundi jingine, mkataba wao miaka miwili, nao pia hauahidi ajira. Mkanganyiko unaeleweka, maana wakufunzi ni wanajeshi na kwata (gwaride) ni ileile ya jeshini. Lakini JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) hutangaza nafasi zake kivyake, na kupita JKT ni sifa tu ya kuomba. Matapeli hula hapohapo: mzazi akishaamini mwanawe "ameingia", anatoa hela "athibitishwe". Orodha ya kuripoti hudai bukta ya bluu, raba, shuka, soksi nyeusi, nauli. Ada ya kuthibitishwa haimo.