Theluji ya Ruwenzori: macho ya mwenyeji au vipimo?

Wapo wanaosema Ruwenzori, milima ya mpakani mwa Uganda na Kongo, haihitaji taarifa za hatari ya theluji kama za Ulaya, waongozaji wa Kikonzo, wenyeji wa huko, wanatosha, na wapo wanaosema bila vipimo tunabahatisha na roho za watu. Mi naona hao wa kwanza wana hoja nzito kuliko watu wanavyodhani, ila kuna mahali inawaishia.

Ulaya tangu 1993 wana kipimo kimoja cha pamoja cha hatari ya maporomoko ya theluji, ngazi ya 1 mpaka ya 5, na 5 ndiyo mbaya zaidi. Kitu kizuri sana, ila ile namba ni ya eneo zima, haikuambii kuhusu mteremko ulio mbele yako, na vifo vingi vinatokea ngazi ya 3, pale mtu anaona mbona bado si mbaya sana, anaenda. Tena mara nyingi poromoko linalomuua mtu limeanzishwa na yeye mwenyewe au wenzake, kwenye mteremko wa digrii kama 30 mpaka 45, tabaka gumu lililorundikwa na upepo limekaa juu ya tabaka legelege, akikanyaga tu linaachia. Hilo ataliona nani kama sio aliyepo palepale?

Kule Ruwenzori kwenye kilele kirefu zaidi, Margherita, mita 5,109, kinachotisha zaidi ni nyufa za barafu zilizofunikwa na theluji mpya, mawe yanayoachia barafu ikiyeyuka, na theluji iliyojitokeza ukingoni, unaona ni ardhi kumbe chini hakuna kitu. Mwongozaji makini anatoka Elena, kambi ya mwisho kabla ya kilele, usiku wa manane ili arudi jua halijalainisha barafu, anachoma mbele kwa mpini wa shoka la barafu kabla ya kukanyaga, mpini ukizama ghafla anasimamisha wote waliofungwa kamba moja na hakuna anayesogea mpaka apate pa kupitia. Hakuna namba itakayomfanyia kazi hiyo.

Lakini uzoefu wake ni wa mlima uliokuwepo. 1906, Duke wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, alipopanda, barafu ya Ruwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5, kufika 2003 imebaki karibu 1 tu, na bado inapungua, kwa hiyo njia iliyokuwa salama misimu michache nyuma sa hivi inaweza kuwa mwamba mtupu au shimo, na aliyeizoea zaidi ndiye anaweza kupita bila kuikagua. Hapo ndipo wa pili wana haki kabisa.

Ila vipimo vya bei kubwa sio lazima tuanze navyo. Liwekwe daftari Elena, kila timu ikishuka iandike: saa waliyopita, barafu iliganda usiku au la, ufa mpya uko upande gani, theluji mpya inafika kifundoni au magotini. Mgeni amelipa pesa ndefu, anataka kilele, na mwongozaji anayetegemea bakshishi inamwia vigumu kusema turudi. Akiwa na daftari anamfungulia tu, asome mwenyewe kilichoandikwa jana na watu waliotoka hukohuko.