Mungu Kipofu wa The Matrix Ni Smith, Si Mzee wa Ndevu Nyeupe

Ukizuka mjadala kuhusu dini ndani ya filamu za The Matrix, vidole vyote humwelekea Architect: mzee wa suti na ndevu nyeupe, ameketi mbele ya ukuta wa televisheni katika filamu ya pili. Yeye ndiye aliyeisanifu Matrix, ulimwengu wa bandia wa kompyuta ambamo mashine zimewafungia wanadamu, basi wengi huhitimisha kwamba ndiye mungu mdogo wa Wagnostiki, waumini wa kale walioamini kwamba ulimwengu huu uliumbwa na mungu wa chini asiyejua kitu. Naona hapo watu wamesoma mavazi wakaacha kisa. Mungu huyo ni Agent Smith, programu inayoilinda Matrix na kumwinda Neo, shujaa wa filamu.

Tuanze na maandishi ya Wagnostiki yenyewe. Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi huko Misri ya Juu, mtungi ulifukuliwa ukiwa na vitabu vya mafunjo vya Kikopti. Ndani yake mlikuwa na nakala tatu za Kitabu cha Siri cha Yohana. Kinasimulia kwamba Sofia, yaani Hekima, alizaa peke yake bila ridhaa ya mwenziwe, akatoka kiumbe mwenye umbo la nyoka na uso wa simba, Yaldabaoth. Mama kwa aibu akamficha ndani ya wingu. Mwana akachukua nguvu za mamaye, akajiundia watawala wa kumtumikia, akatangaza kwamba yeye ni Mungu na hakuna mwingine. Majina yake mengine ni Saklas, mpumbavu, na Samael, mungu kipofu.

Kiini cha kosa lake, basi, ni kutojua. Hajui juu yake kuna nini, wala nguvu alizo nazo ni za nani. Ukikiacha kipimo hicho, kila adui mwenye kiti cha enzi ataitwa wa Kignostiki, na neno lenyewe litakosa kazi.

Mpime Architect kwa kipimo hicho. Anaujua ulimwengu wa nje. Anajua Neo huyu ni wa sita, kwani wamekuwapo wakombozi watano kabla yake. Anakiri kwamba Matrix yake ya kwanza ilianguka, na kwamba suluhisho lilitoka kwa akili nyingine, ambayo yeye mwenyewe anaiita mama wa Matrix: ndiye Oracle, programu mtabiri mwenye sura ya mwanamke. Mjuzi wa namna hiyo hawezi kuwa Samael.

Smith je? Katika filamu ya 1999 anavua kifaa chake cha sikioni mbele ya Morpheus, kiongozi wa waasi, aliyefungwa, anakiri kwamba anauchukia ulimwengu huu hadi harufu yake, na kwamba lazima atoke. Mlinzi wa gereza naye ni mfungwa. Katika filamu ya pili, ya 2003, anamweleza Neo kwamba kitu fulani cha Neo kimebaki ndani yake: cheche isiyo yake. Gari lake lina namba IS 5416. Fungua Isaya 54:16 katika Biblia ya Kiswahili: «nimemwumba mhunzi», na mstari unamalizia kwa mharabu aliyeumbwa ili aharibu. Smith kwa Kiingereza ni mhunzi. Aya inasema mharibifu ana aliyemuumba, jambo ambalo Smith amelisahau kabisa.

Ushahidi mzito zaidi uko filamu ya tatu, nayo ya 2003. Smith anaingia jikoni kwa Oracle, anamwita mama, kisha anammeza na kuyachukua macho yake. Ni wizi uleule wa Yaldabaoth kwa Sofia, tena kwa mpangilio uleule, kwani baada ya wizi ndipo anapopiga kelele kwamba huu ni ulimwengu wake. Halafu, akiwa amesimama juu ya Neo, anatamka kwamba kila chenye mwanzo kina mwisho, akashtuka na kujiuliza amesema nini. Maneno hayo ni ya Oracle. Mama anasema kwa kinywa cha mwana, na mwana haelewi.

Katika Kitabu cha Siri, Yaldabaoth anashawishiwa apulize pumzi usoni mwa Adamu, na nguvu za mama zinamtoka bila yeye kujua. Filamu imegeuza mwelekeo: Smith anammeza Neo, na nuru inampasua kutoka ndani.

Mahali pamoja ulinganisho unakatika, na ni vyema kusema wazi. Kwa Wagnostiki hao, ulimwengu wa mwili ni pingu za kukimbiwa. Filamu ya tatu inamalizika gereza likiwa bado limesimama, na ndani yake Sati, programu mwenye sura ya mtoto, amemtengenezea Neo macheo.