Ngoma ni ngozi au ni mti?

Wapiga dramu wa kwaya na vijana wa studio hapa Dodoma wana kauli wanayoipenda: ngozi ndiyo ngoma, mti ni wa kuishikilia tu. Huitoa hasa wanapomsikia mchongaji wa Chamwino au Mpwapwa akidai bei ya juu kwa kuwa ngoma yake ni ya mninga. Wanasema mteja anauziwa jina. Mimi naona mchongaji anaonewa, ingawa na yeye hujitetea vibaya.

Tuanze na haki ya hao wanaombeza, maana wanayo. Kinachoamua ngoma ilie juu au chini ni ukubwa wa mdomo wake, uzito wa ngozi na jinsi ilivyowambwa. Isogeze ngoma karibu na moto dakika chache, sauti inapanda, na mti ni uleule. Kule Marekani kampuni ya Ludwig ilitoa dramu za plastiki angavu mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikiitwa Vistalite, na John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya Led Zeppelin, akazipiga mbele ya maelfu ya watu bila mtu kulalamika kwamba mti haupo. Katalogi za dramu nazo zinatusaidia kidogo tu. Zinasema mepo, mti wa Marekani Kaskazini unaotoa sharubati tamu, una sauti ya joto. Betula, mti wa nchi za baridi, ina sauti kali na kavu inayofaa kurekodia. Mahogani ina besi. Lakini kutoka dramu moja hadi nyingine kampuni hubadilisha pia unene wa ukuta, idadi ya tabaka zilizogundishwa na mkato wa ukingo. Ukisikia tofauti, utajuaje imetoka kwenye mti?

Hata hivyo mti haukai kimya kabisa. Ngozi ikipigwa, wimbi linakimbilia ukingoni. Likikuta ukingo mzito na mgumu, sehemu kubwa inarudishwa kwenye ngozi na ngoma inavuma kwa muda. Likikuta mti laini wenye vinyweleo vingi, sehemu inamezwa na mdundo unakatika mapema. Wachongaji wa djembe, ngoma ya Afrika Magharibi inayopigwa kwa mikono, wanajua hilo, ndiyo maana miti wanayoithamini ni migumu, mmojawapo ukiwa ndugu wa karibu wa mkongo wetu, ule ambao watu wa pwani wanauita mbambakofi. Tofauti ipo, ila ni ndogo ukiilinganisha na ile ya kubadilisha ngozi ya mbuzi kwa ya ng'ombe.

Hapo ndipo mchongaji wetu anapojikwaa. Ukimuuliza kwa nini mninga, atakujibu kwamba ni mzito, kwa hiyo unalia. Sasa, mninga mkavu una kilo 600 na kitu kwa mita ya ujazo. Mwembe mkavu uko palepale, pengine unauzidi kidogo. Kama uzito ndio siri, mwembe wa uani ungetosha na mninga ungebaki kuwa wa vitanda na milango. Na tukishindana kwa uzito tu, mpingo, ambao ukiutupa majini unazama, ungemaliza ubishi wote. Lakini nani atauchonga mpingo upana wa ngoma, na nani ataibeba?

Siri iko kwenye kunywea, yaani kusinyaa. Mti unapokauka hausinyai sawasawa pande zote. Kuuzunguka mduara wake husinyaa zaidi kuliko kutoka ganda kuelekea kiini, na kwa miti mingi tofauti hiyo ni karibu mara mbili. Chukua gogo la kipenyo cha sentimita 30. Mzingo wake ni kama sentimita 94. Tuseme mti huo hunywea 5 kwa 100 kuzunguka na 3 kwa 100 kuelekea kiini. Mzingo unataka kupungua karibu sentimita 5, ilhali kipenyo kilichopungua kinauruhusu kupungua chini ya sentimita 3 tu. Zinabaki karibu sentimita 2 ambazo hazina pa kutoka, na gogo linazitoa lenyewe kwa kupasuka. Ule ufa mmoja mpana unaouona kwenye gogo lililoachwa juani, kuanzia ganda hadi kiini, ndio hesabu hiyo imeandikwa kwenye mti.

Kwa sababu hiyo mchongaji anayejua kazi yake hulikomba gogo likingali bichi, akatoa kiini, akaacha ukuta mnene kuliko anaoutaka, kisha akaliweka kivulini miezi kadhaa kabla ya kulirudia kwa tezo na patasi. Ukuta uliokombwa una nafasi ya kujikunja, haulazimiki kupasuka. Ila kujikunja nako kuna gharama: mdomo uliokuwa mviringo unakuwa kama yai, na ukingo uliokuwa bapa unainuka upande mmoja. Mninga umepata sifa kwa maseremala wa nchi hii kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba hunywea kidogo mno na ukishakauka unatulia. Tena wadudu hawaupendi. Mwembe unasinyaa zaidi, na ukiuacha ovyo bungua wanauhamia.

Hayo yote yanaihusu sauti moja kwa moja. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ngoma ambayo haijawambwa. Penye kibonde kidogo, hata cha unene wa shilingi, ngozi haitalala vizuri. Ukiipiga karibu na hapo utasikia mkwaruzo mwembamba chini ya mdundo, kama karatasi inayotetema. Upande mmoja utavutika zaidi ya mwingine na ngoma itatoa sauti mbili zinazogombana. Hakuna ngozi itakayorekebisha hilo. Ufa mdogo ukutani nao una mlio wake. Wapigaji wanausikia kabla hawajauona. Kwa hiyo anayesema sauti inatoka kwenye ngozi amesema kweli kuhusu siku ngoma ilipowambwa. Mchongaji anaizungumzia ngoma hiyohiyo baada ya viangazi vitano.

Na viangazi vya hapa si vya mchezo. Dodoma mvua huanza Desemba hivi na kufikia Aprili imekwisha, na kutoka hapo hadi mwisho wa mwaka ni upepo mkavu na vumbi. Ngoma iliyokaushwa Bagamoyo ilikauka kwa kiwango cha Bagamoyo, penye hewa ya bahari. Iletwe huku mwezi wa nane, inaanza kukauka upya. Wanaonunua ngoma pwani kwa bei nzuri kisha wakalaumu ngozi za Dodoma wangeanza kuuangalia mdomo wa ngoma.

Kuna jambo moja linaloupunguza uzito wa hoja yangu, nalo ni muheme. Ngoma za muheme, zinazopigwa na wanawake wa Kigogo, zina kiuno na hubanwa kati ya mapaja. Mapaja hayo yanaushika mti, kwa hiyo tofauti ndogo ya kuvuma ambayo mti mgumu ungeongeza, sehemu yake inafia hapohapo. Tena mpigaji anacheza nayo, na uzito ni adhabu. Kwa ngoma hizo wanaosema mti si kitu wamekaribia sana ukweli.

Hoja yao nyingine nzito ni msitu. Vichaka vya Dodoma si vya mninga. Mbao zake hutoka kwenye miombo ya magharibi, upande wa Manyoni na Tabora, na safari hiyo inahitaji kibali cha mazao ya misitu. Ngoma ya kipenyo cha sentimita 30 yenye ukuta wa sentimita 2 na nusu inabakiza kama sehemu tatu kwa kumi za gogo lake. Saba zinakuwa vumbi na vipande vya kuni, za mti uliochukua miongo mingi kukua. Ngoma ya vibao vilivyounganishwa kama pipa ingeokoa mbao nyingi, na ikitengenezwa kwa mninga mkavu mdomo wake ungetulia vilevile. Wachongaji wengi hawaipendi, wanasema hiyo ni kazi ya seremala.

Kwa muheme, basi, mimi ningenunua mwembe uliotiwa dawa ya wadudu na kukaa kivulini mwaka mzima, na nisingelipia mninga hata senti. Kwa ngoma kubwa ya kanisa au ya shule, inayoachwa barazani jua na upepo, ningeongeza pesa. Ila kabla ya kuitoa mfukoni ningemuuliza mchongaji gogo lilikombwa lini, na kama hakumbuki, ningeondoka hata kama ni mninga mtupu.