Acheni kumcheka anayefuata Kiingereza cha muvi

Wiki jana niliitumia familia ujumbe wa sauti kutoka Glasgow. Nilikuwa nawasimulia jinsi mwenzangu wa zamu alivyolalamikia basi lililochelewa, nikamwigiza neno kwa neno, kwa furaha tu, maana yule mama huongea kama mvua ya mawe na siku hiyo nilimshika mwanzo hadi mwisho bila kumwomba arudie. Majibu kutoka Kisumu yakawa emoji za kucheka na neno moja: "Anatwenga!", yaani najifanya kutamka kama mzungu. Binamu yangu akaongeza kwamba sasa mimi ni mzungu wa Kondele, mtaa wa Kisumu.

Imeniuma, kwa hiyo naomba nijibu.

Tunajua sote tulivyokua. Ukitamka kama mtu wa kwenye sinema, unajiona. Ukishrabu, yaani lafudhi ya lugha ya mama ikaingia kwenye Kiingereza chako, unachekwa hadi Form Four. Kijaluo hakina sauti ya "sh", basi mtoto akiteleza mara moja darasa zima linaangua kicheko, na kesho yake hainui mkono tena. Kati ya vicheko hivyo viwili mtu asimame wapi? Ndiyo maana nawajua watu wenye A ya Kiingereza ambao mgeni akiingia ofisini wanajifanya wana simu ya kupokea nje. Na mtihani wenyewe ndio huo: karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kuzungumza, lakini unazijibu kwa kalamu. Nilizipata vizuri. Nilijua kuorodhesha herufi zisizotamkwa kabla sijawahi kumsikiliza kwa makini mtu anayeziacha.

Hapa ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ripoti ya zamu haijawahi kunisumbua. Wenzangu waliozaliwa hapa hapa huniletea zao niwaangalizie tahajia, na sifa hiyo nawapa walimu wangu wa Kisumu bila kusita. Lakini mzee wa miaka tisini hakuandikii barua. Anakunong'oneza usiku wa manane mahali panapomuuma, kwa Kiingereza cha Glasgow, zile "t" za katikati ya neno zikiwa zimekatiwa kooni, na ukimwomba arudie mara ya pili anakata tamaa, anasema si kitu. Nawe unajua ni kitu. Watu wa hapa hawanicheki ninavyotamka, na hiyo ni nafuu ambayo sikuwahi kuipata nyumbani. Lakini maumivu ya mzee yule hayangoji sikio langu lizoee.

Sikio langu lilizoezwa na filamu. DJ Afro, yule anayesimulia filamu za nje kwa Kiswahili, namheshimu sana, amewapa muvi watu wengi ambao wasingeambulia kitu, shangazi yangu akiwemo. Lakini yeye anaweka sauti yake juu ya ya waigizaji, na sauti zao zinapotea. Kiingereza hukipati pale, wala hakukusudia kukufundisha.

Mimi huchukua filamu ya watu wanaoongea: ugomvi wa familia, kesi mahakamani, polisi wakihoji. Zile za magari kugongana haziwi na maneno mengi. Nawasha maandishi ya chini ya Kiingereza, si ya Kiswahili, na hili si dhana yangu. Mwaka 2009 watafiti Holger Mitterer na James McQueen walichapisha utafiti wa Waholanzi waliotazamishwa video zenye lafudhi ya Scotland au ya Australia. Waliosoma maandishi ya Kiingereza waliishika lafudhi vizuri zaidi, hata katika maneno ambayo hawakuyasikia kwenye video. Waliosoma maandishi ya Kiholanzi, lugha yao, maneno mapya yaliwashinda zaidi.

Sioni ajabu. Kiswahili huipa kila silabi haki yake, mkazo ukae kwenye ile ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huikazia silabi moja na kuzifinya jirani zake; "comfortable" ina silabi nne kwenye karatasi, na mdomoni mara nyingi ni tatu. Sisi tuna irabu tano, Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa karibu ishirini. Bila kuliona neno limeandikwa wakati linatamkwa, utajuaje kwamba kile ulichosikia ndicho kile ulichosoma Class Six? Halafu narudisha nyuma na kusema pamoja na mwigizaji, kwa sauti, kwa kasi yake, nikipumua anapopumua yeye. Neno jipya naliandika na sentensi yake nzima, kwa sababu likiandikwa peke yake sitajua linatumika na nini.

"Kwani Kiingereza cha Kenya kina kasoro gani?" Hakina. Mimi mwenyewe bado naongea cha kwetu, na wananielewa. Wala siwaombi mtamke kama Hollywood. Hapa Glasgow kwenyewe nani anatamka hivyo? Nasema mdomo ukijaribu sauti, sikio nalo linaitambua. "Mbona lafudhi ya Mfaransa inasifiwa na yetu inadharauliwa?" Hilo linanikera kuliko linavyowakera ninyi, na siku tukilizungumzia niko upande wenu.

"Unajiona kwa sababu uko majuu." Omera, ndugu yangu, hapana. Kuna lipi hapa linalohitaji viza? Flashi ya muvi inajazwa Kondele. Shule za bweni kuanzia Maseno hadi Kakamega huwa na entatenimenti, yaani burudani ya filamu, Jumamosi usiku. Wanafunzi wamejaa ukumbini, spika ipo, mwalimu wa zamu yupo. Awashe maandishi ya chini, asimamishe filamu kwenye mazungumzo mazuri ya dakika mbili, airudishe, na ukumbi mzima useme pamoja na waigizaji. Kisha amwite mmoja aseme peke yake. Na atakayecheka, asimame yeye aiseme sentensi hiyo hiyo.